Mwaka Tulipoufungua Ua wa Bibi

Wenzangu tuliokulia Kipini kabla nguzo za umeme hazijafika, mtanisaidia kukumbuka. Siku hizo jua likichomoza lilitukuta kwa mlango wa nyuma. Lilivuka uani polepole, likapanda kizingiti, likatambaa kwenye mkeka, na mtoto aliyelala mpaka likamfikia usoni alikuwa ameshachelewa chuoni kusoma Kurani na fimbo yake inamsubiri. Ua wa nyumba ya Bibi yangu ulikuwa wa mawe. Haukuwa wa udongo kama nyua nyingi za mtaani, wala wa simiti. Yalikuwa mawe mapana ya matumbawe, yaliyokatwa pwani na watu ambao hata Bibi hakuwahi kuwaona, yakapangwa ubavu kwa ubavu na kushikwa kwa chokaa. Nikifumba macho sasa hivi nayaona moja moja. Kuna lililokuwa na umbo la kiatu. Kuna lililokuwa na kishimo ambamo kuku walikunywa maji. Na kuna moja refu, jeupe, karibu na jiko, ambalo Bibi hakumruhusu mtu kulikalia ila yeye mwenyewe.

Maisha yetu yote yalikuwa juu ya mawe hayo. Hapo ndipo nazi zilipokunwa, samaki wakaparuliwa magamba, mchele ukapetwa, nywele zikasukwa. Asubuhi mawe yalikuwa baridi mpaka ukatembea kwa visigino. Saa sita yaliunguza, tukawa tunaruka kutoka kivuli hadi kivuli. Alasiri yalipata ule uvuguvugu wa mkate uliotolewa motoni kitambo, na sisi tukajilaza kifudifudi, shavu juu ya jiwe, tukisikiliza bahari kwa mbali na mchi wa jirani kwa karibu. Tulicheza mdako, tulicheza kibe cha kujificha, tulicheza gololi mpaka vidole gumba vikaota sugu. Wajukuu zangu nikiwaambia kwamba tuliweza kushinda uani kutwa nzima na vijiwe vitano tu, huniangalia kwa huruma na kuuliza, "Na mlipochoka mlifanya nini?" Tulipochoka tulilala pale pale. Hakuna aliyetupiga picha tukiwa tumelala, ndiyo maana wajukuu hawaamini.

Ijumaa asubuhi ilikuwa siku ya kuosha ua. Bibi, jina lake Bi Time, alisimama juu ya jiwe lake jeupe na fagio la chelewa mkononi, nasi tukamwaga maji kutoka upande wa jiko. Maji yalikuwa yanajua pa kwenda. Yalipita juu ya mawe kama kitambaa kinachovutwa, yakakusanyika kwenye tundu chini ya ukuta wa nyuma, yakaingia mtaro, yakatokea nje kwenye migomba na mdimu wa Bibi. Tulikimbilia upande wa pili kuyawahi, na yalipotoka tulishangilia kana kwamba tumepokea wageni. Wakati huo nilikuwa na miaka tisa. Zena, binti wa shangazi yangu, alikuwa na kumi. Mama yake alikuwa Lamu, yeye akilelewa na sisi. Zena alikuwa na kipaji cha kusema uongo huku macho yake makavu yakikutazama bila kupepesa, na mimi nilimwonea wivu kwa hilo kuliko kwa herini zake.

Baba yangu, Athman, alikuwa karani huko Hola, akija nyumbani kila mwisho wa mwezi na suruali yake yenye mkunjo. Alikuwa mtoto wa pekee wa kiume wa Bibi, na kila alipokuja alitafuta kitu cha kurekebisha, nadhani kwa sababu aliona aibu kuwa mbali. Mwaka huo wakati wa kiangazi alikuja na mifuko miwili ya simiti. Chokaa kati ya mawe ya ua ilikuwa imeanza kumomonyoka, ukikanyaga ukingo wa jiwe unasikia linatikisika. Baba akachanganya simiti, akaziba maungio yote, siku mbili mfululizo, akiwa na furaha kuliko nilivyowahi kumwona.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, Mama," akamwambia Bibi huku akifuta jasho.

Bibi alikuwa anachambua mchele. "Huo ni wa ukuta, Athman. Hapa ni uani."

"Simiti haimomonyoki. Hutaisumbukia tena maisha yako yote."

"Chokaa sikuisumbukia. Ilikuwa ikipungua, naongeza." Kisha hakusema tena, kwa sababu mwanawe alikuwa amesafiri mbali na mikono yake ilikuwa na malengelenge.

Ua ulipendeza, sikatai, na Ijumaa fagio kavu likatosha, hata maji hatukumwaga tena. Ulikuwa na mistari ya kijivu iliyonyooka kama daftari la hesabu. Lakini sisi watoto tuliona jambo ambalo wakubwa hawakuliona. Zamani gololi ukiiachia popote uani ilibingirika yenyewe hadi kwenye tundu la maji, na mchezo mzima ulikuwa ni kuizuia isifike. Sasa simiti ilikuwa imesimama juu ya mawe kidogo, unene wa ukucha tu, na gololi zikawa zinajikwaa, zinageuka, zinakwenda kusimama chini ya ukuta wa chumba cha Bibi. Tulibadilisha sheria za mchezo, basi. Hakuna aliyetuuliza, nasi hatukumwambia mtu.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Ilikuwa mvua ndogo ya mwanzo wa masika, ile inayonyesha jua likiwaka. Bibi alikuwa kwa jirani, Mama anafua mbele ya nyumba. Zena akasema, tukiziba lile tundu, maji yatajaa na tutakuwa na bahari yetu wenyewe. Sijui kwa nini watoto wanaokaa hatua mia kutoka baharini walihitaji bahari nyingine, lakini wazo lile lilinipendeza. Tulichukua kitambaa cha Bibi cha kushikia sufuria, tukakijaza makumbi ya nazi, tukakisukuma ndani ya tundu. Zena akakisindilia kwa mchi. Bahari ikajaa hadi kwenye vifundo vya miguu. Tukaelekeza vifuu vyetu vya nazi, vingine vikaenda Lamu, vingine Malindi, kimoja kikazama kikiwa na abiria siafu ishirini. Sijawahi tena kuwa na alasiri kama ile. Mawe chini ya maji yalikuwa yanacheza kama samaki waliolala, na jua lilikuwa limetapakaa juu yake vipande vipande.

Magharibi tukaitwa kula. Vilikuwa viazi vya nazi na samaki wa kuchoma. Tulikula, tukalala, tukasahau. Maji yale machache yalinywewa na jua la kesho yake na kuku, na kitambaa kikabaki ndani ya tundu, kikafunikwa na tope na majani.

Baada ya wiki mbili masika yenyewe yakaja. Ilinyesha Alhamisi baada ya adhuhuri, ikanyesha Ijumaa, ikanyesha Jumamosi kutwa. Mto Tana ulibadilika rangi mpaka bahari mbele ya Kipini ikawa kama chai ya maziwa. Uani kwetu maji yalipanda hadi magotini mwangu. Yakavuka kizingiti cha chumba cha Bibi. Mama na Bibi wakaokoa godoro, wakaokoa sanduku la nguo, lakini ukuta haukuokoleka. Ulilewa maji kutoka chini, na lipu ikaanza kudondoka kwa mabamba mapana, kila bamba likiacha ukuta wenye unyevu kama ngozi ya mtu mgonjwa. Mimi na Zena tulikuwa tumesimama mlangoni. Alinishika mkono, akaubana. Tulikuwa tumekumbuka kwa wakati mmoja.

Mvua ikakatika Jumapili, lakini maji yalibaki, na mawe yakaota utelezi wa kijani. Jumatatu asubuhi Bibi alitoka kwenda kuwasha jiko. Nilisikia kishindo. Tulipofika alikuwa amekaa ndani ya maji, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani, na kitu cha kwanza alichosema ni kwamba buli limevunjika. Mkono ulikuwa umevunjika pia. Akaletwa mzee wa mtaani aliyejua kuunga mifupa, akamfunga kwa vibanzi na vitambaa, na jasho likamtoka Bibi mpaka ushungi ukaloa.

Baba aliletewa habari, akafika baada ya siku mbili. Aliuangalia mkono, akauangalia ukuta, akakaa juu ya jiwe jeupe, lililobaki juu ya maji, bila hata kukumbuka kwamba ni la mama yake.

"Mama, nyumba hii imechoka," akasema. "Utahamia Hola, kwangu. Chumba kipo. Nimepewa ruhusa ya wiki moja, baada ya hapo tunaondoka pamoja."

"Imechoka yeo?" Bibi akauliza. Alisema "yeo" kwa leo, "mai" kwa maji, na "ndia" kwa njia, kama watu wa zamani wa Kipini na Lamu. "Mwaka uliopita haikuchoka. Mai yamenyimwa ndia, Athman, ndio ugonjwa wake. Ni hiyo simiti yako."

"Simiti imeshika, Mama. Hiyo chokaa ya zamani ndiyo iliyooza chini."

Hawakugombana. Ingekuwa afadhali wangegombana. Waliacha tu kusemeshana, wakawa wanatumana kupitia kwangu: mwambie baba yako chai iko tayari, mwambie bibi yako nimeinunua dawa. Kwa siku tatu nilibeba maneno yao kutoka chumba hadi chumba, na kila nilipopita uani niliutazama upande wa lile tundu. Chuoni nilisimamishwa nisome, herufi zikanikimbia. Mwalimu alidhani nina homa, akanirudisha nyumbani.

Nilimwambia Zena tuseme. Akakataa. "Tukisema tutapigwa sote wawili," akaniambia, "na Bibi ataondoka vile vile. Sasa faida yake nini?" Nilikuwa na miaka tisa, na alizungumza kama wakili.

Mama ndiye aliyemleta Komora. Mama yangu hakuwa mtu wa maneno mengi, na katika vita vya mume wake na mama mkwe wake alikuwa amejifunza kukaa kando na kufanya kazi. Aliwaita majirani wakateka maji yote kwa ndoo, kisha akaenda sokoni. Komora alikuwa Mpokomo wa Kulesa, mwanamume wa miaka kama thelathini, mwenye mabega mapana na kicheko kilichomtangulia. Alikuwa akiteremka mto kwa mtumbwi akileta mchele na ndizi, akauza Kipini, akarudi. Aliogopa bahari. Mtu aliyekuwa akipita katikati ya mamba kila wiki hakukubali kukanyaga mchanga wa pwani, alisema maji yasiyo na ng'ambo hayaaminiki.

"Mkulima wa mpunga atajua nini kuhusu mawe?" Baba akamuuliza Mama kwa sauti ya chini.

"Hajasema anajua mawe," Mama akamjibu. "Amesema anajua maji."

Komora aliingia, akasalimia, akapewa chai. Akala mikate mitatu ya mofa bila haraka, huku macho yake yakitembea uani. Tulidhani ataomba jembe. Badala yake akatugeukia mimi na Zena.

"Nyinyi mnacheza hapa?"

Tukaitika.

"Gololi yenu inaendaga wapi?"

Tulikwenda kuzileta. Tukaziachia upande wa jiko, moja moja, gololi sita. Zikabingirika, zikajikwaa kwenye mistari ya kijivu, zikageuka, na zote sita zikaenda kusimama chini ya ukuta wa Bibi. Baba akainuka, akaokota moja, akachuchumaa na suruali yake yenye mkunjo, akaiachia mwenyewe mahali pengine. Ikaenda pale pale. Akaijaribu tena. Nilikuwa sijawahi kumwona Baba akicheza gololi.

"Na zamani ilikuwa inaenda wapi?" Komora akauliza.

Nikalionyesha tundu. Akakunja mkono wa shati, akapiga goti, akaanza kuingiza mkono kwenye tundu, hadi kiwikoni, hadi karibu na bega.

"Kuna kitambaa," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Kuna kitambaa na makumbi ndani. Niliweka mimi. Nilitaka bahari." Na machozi yakaja yote kwa pamoja, ya wiki nzima.

Nilingoja Zena aniangalie kwa macho yake makavu. Lakini Zena akasogea, akasimama karibu yangu hadi mabega yetu yakagusana. "Mimi ndiye niliyekisindilia," akasema. "Kwa mchi."

Komora akavuta. Kilitoka polepole, cheusi, kikinuka, na makumbi yakafuata, na tope, halafu tukasikia mtaro unakoroma ndani ya ukuta na kutema maji yaliyolala humo. Bibi alikuwa amekaa kwenye jiwe lake, mkono umefungwa. Alikitazama kitambaa chake.

Baba ndiye aliyezungumza kwanza. "Kwa hiyo haikuwa simiti," akasema, haraka, kama mtu aliyefunguliwa pingu.

Komora hakubisha. Alichukua ndoo ya maji, akaenda upande wa jiko, akayamwaga kwa upole. Sote tukayatazama. Tundu lilikuwa wazi. Maji yakateremka, yakafika kwenye mistari ya kijivu, yakasitasita, yakageuka, yakaenda kujikusanya chini ya ukuta wa Bibi, yakatulia hapo yakimeremeta.

"Kitambaa ya watoto imeongeza shida, Bwana Athman," Komora akasema. "Lakini hata tundu ikiwa wazi, maji haifiki. Huku juu haipenyi, huku chini haipiti. Sasa itaenda wapi? Itaingia kwa mama."

Bibi angeweza kusema neno wakati huo, na nadhani kila mtu pale uani alikuwa akilingoja. Bibi akamtazama mwanawe, akasema, "Athman, vua shati hilo. Litachafuka."

Baba akalivua. Mama akamletea nyundo na tindo. Akapiga goti juu ya mawe na kuanza kuing'oa simiti yake mwenyewe, mstari kwa mstari.

Hatukupigwa. Adhabu yetu ilikuwa kumfuata Baba nyuma na misumari, kukwangua maungio hadi yakawa safi, na ilituchukua siku mbili na kucha zote. Jioni ya siku ya kwanza Bibi aliniita chumbani kwa Mama, alikokuwa akilala kwa muda.

"Kwa nini hukusema, Mwanaesha?"

"Niliogopa utakasirika uondoke."

"Ukanyamaza, nikakaribia kuondoka." Akasogea mkekani, akanipa nafasi upande wa mkono mzima. "Lala hapa. Usinigonge mkono."

Siku zilizofuata zinanijia hadi leo kama ndoto ya mchana. Komora aliyainua mawe yaliyozama kwa mtaimbo, akamimina mchanga chini, akayalaza tena, akayagonga kwa mchi uliofungwa gunia, kisha akatuita na gololi zetu. Hakuwa na kipimo kingine. Gololi ikisita, jiwe linainuliwa tena. Tulikuwa mafundi wasaidizi, tukikimbia miguu mitupu kutoka jiko hadi ukutani, na yeye akituuliza kwa heshima kabisa, "Hii imekubali?" nasi tukijibu, "Bado kidogo." Chokaa ililetwa kutoka tanuu la kuchomea matumbawe, ikawekwa shimoni, ikatiwa maji, ikachemka bila moto huku ikinong'ona, na moshi wake mweupe ukapita juu ya mdimu. Tulikatazwa kusogea kwa sababu ya macho yetu. Tulisimama mbali tukiitazama inavyopumua.

Na Bibi na Baba wakaanza kusemeshana. Ilikuwa lazima, kwa kuwa yeye alikuwa na mkono mmoja na ujuzi wote. Alimwelekeza jinsi marehemu babu alivyochanganya: chokaa ikishapoa na kulala, unaichekechea mchanga, unaiponda, unaiacha, unaiponda tena.

"Ishike kiganjani," akamwambia. "Imekung'ang'ania?"

"Imening'ang'ania."

"Bado. Ponda."

Baada ya nusu saa: "Na sasa?"

"Imeniachia, Mama."

"Haya. Anza kwenye pembe."

Baba akashindilia chokaa katika maungio kwa mwiko, chini kidogo ya uso wa jiwe, si juu yake. Mstari wa mwisho karibu na tundu Komora alikataa usitiwe chokaa kabisa. Alijaza mchanga mnene na kombe za pwani zilizovunjwa, ili maji yatakayochelewa mlangoni mwa tundu yapate kuzama yenyewe. Kisha ua mzima ukafunikwa magunia, na kwa siku tano kazi yetu ilikuwa kuyanyunyizia maji asubuhi na jioni. Tulipita kandokando kama wezi. Kuku mmoja hakuheshimu sheria, akapenya chini ya magunia, akaacha nyayo zake kwenye chokaa kutoka jiko hadi kwenye jiwe la kiatu, na Baba akasema ziachwe.

Komora alikuwa amesharudi Kulesa. Alikula nasi chakula cha mwisho, wali wa mchele wake mwenyewe na samaki wa kupaka, akaaga, akateremka mtoni. Alikuja tena mara nyingi kuuza mchele, lakini hakuwahi kuiona mvua ikinyesha juu ya kazi yake. Tulimwonea huruma kwa hilo.

Maana mvua ilinyesha asubuhi ile Baba aliyokuwa aondoke. Wiki ilikuwa imekwisha, akaongezewa siku chache, nazo zikaisha. Begi lake lilikuwa mlangoni, moja tu. Mawingu yakaja kutoka upande wa mto, manene, na matone ya kwanza yakaanguka juu ya mawe na kutoa ile harufu ambayo sina jina lake. Baba akaliweka begi chini. Tukasimama sote kwenye mlango wa jikoni: Bibi, Mama, Baba, Zena na mimi. Mvua ikaongezeka mpaka ukuta wa nyuma ukapotea. Maji yakapita mbele yetu kwa kasi nyembamba, laini, yakapita chumba cha Bibi bila kukiangalia, yakakusanyika, yakaingia. Tukasikia mtaro unaimba. Zena na mimi tukakimbilia nje, tukazunguka, tukayakuta yanatoka kwenye migomba, na tukashangilia.

Tuliporudi tumeloa, Baba alikuwa ameshachukua begi. "Mama," akasema, "nitakuja mwisho wa mwezi."

"Uje na sukari," Bibi akamjibu.

Habari ya kuhamia Hola haikutajwa tena. Bibi aliishi katika chumba kile miaka mingine tisa, na kila kabla ya masika Baba alikuja kukaa siku tatu, akivua shati, akiongeza chokaa ilipopungua, huku mama yake akimwelekeza kutoka kwenye jiwe jeupe hata mahali ambapo hakuhitaji kuelekezwa.

Wote hao wametangulia sasa, na Zena yuko ng'ambo, sauti yake hunijia kwa simu ikiwa imekatikakatika. Mimi naishi Garsen. Uani kwangu pana kabro, matofali madogo ya simiti, wanangu waliniwekea kama zawadi. Walikuja vijana wanne na visikizio masikioni, wakatandaza mchanga, wakapanga yale matofali yaliyofanana kama mapacha, jioni wakawa wameondoka. Sikujua jina la hata mmoja wao, na hawakuuliza chochote, wala hawakunywa chai yangu. Ua ni safi, sina malalamiko. Unaweza kukaa juu yake, lakini hakuna anayekaa. Wajukuu wakija wanakaa ndani, kila mmoja na mwanga wake usoni, na nikiwaambia watoke nje huuliza nje kuna nini.

Masika haya yaliyopita mvua ilinyesha sana. Jirani wa nyuma akatuma malalamiko kwenye kundi la mtaa la simu, kwamba kuna maji yanaingia jikoni kwake na hajui ya nani. Kila mtu akaandika kwamba si yake. Nami nikaandika si yangu. Zamani mtu angebisha hodi na kanga kichwani, mngesimama pamoja mkatazama.

Rukia, mjukuu wangu wa miaka sita, alikuwa amesimama dirishani siku hiyo, akiyaangalia maji yanavyokimbilia kwenye kile chuma chenye matundu pembeni mwa kabro. Akaniuliza, "Bibi, yakiingia pale yanakwenda wapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta sijui. Miaka minne naishi juu ya ua ule na sijui. Nilibaki nikiutazama ule wavu wa chuma, nikiona haya kama mtoto aliyesimamishwa asome akakwama.

Nikamwambia avae ndara zake. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Tulitoka wote wawili, nikamfunika kwa upande wa leso yangu, tukazunguka nyumba kwenda kuangalia yanatokea wapi.